Mtangaza Misiba na Kitabu cha Kuchekesha

Hyasinti Kumburu wa Mbinga ana sauti ambayo watu wakiisikia huacha walichokuwa wanakifanya. Mwenye jembe hulitua, mwenye sufuria huipunguzia moto, na mama anayemgombeza mwanawe hukatiza ugomvi katikati ya neno. Wote hutega sikio na kujiuliza swali moja tu: safari hii ni nani?

Kazi ya Hyasinti ni kutangaza misiba. Yeye mwenyewe atakuambia kwamba si misiba tu. Hutangaza pia chanjo ya mifugo, mikutano ya ushirika, mbuzi waliopotea na vifaranga waliowasili stendi. Sawa, lakini hakuna anayemkumbuka kwa vifaranga. Kwa miaka ishirini na miwili amezunguka kutoka mjini mpaka kijijini Ruanda, ameketi mbele kwenye pikapu yenye vipaza sauti viwili juu, akisema taratibu, huku akishusha pumzi mwisho wa kila sentensi, kwamba familia ya fulani inasikitika kutangaza. Siku hizi hata barabara haimtoshi. Familia humwomba arekodi kwenye simu, tangazo likarushwa kwa WhatsApp, na kabla pikapu haijawaka ndugu walioko ziwani wameshaanza kulia.

Sauti hiyo aliiona kuwa karama, na hakuona aibu kulisema hilo mbele za watu. Aliitunza. Hakunywa maji ya baridi, hakugusa pilipili, na msimu wa vumbi alitembea na leso puani. Mkewe, Beata, ambaye kwa miaka ishirini na tisa ameisikia sauti hiyohiyo ikiulizia kandambili, hakuwa na maoni makubwa juu yake.

"Akiomba chumvi mezani," Beata huwaambia wanawake wenzake wakichambua kahawa, "unabaki unajiuliza chumvi imefariki saa ngapi."

Mwaka jana, kahawa ilipoanza kuiva, simu iliingia kutoka Liuli. Alikuwa Mwalimu Getrude, aliyemfundisha Hyasinti kusoma katika shule ya msingi kule Ruanda, kabla hajastaafu na kuhamia kwa mumewe ziwani. Sasa ana miaka themanini na mmoja. Hyasinti ana hamsini na sita, mvi kichwani na wajukuu watatu, lakini alisimama wima kupokea simu ile.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Hyasinti. Bado unasoma?"

"Nasoma, Mwalimu. Kila siku."

"Mimi sisomi tena. Presha ya macho imemaliza yote mawili."

Akamweleza. Mjukuu wake, Glorious, anayeishi naye, alikuwa anamwekea kwenye simu vitabu vilivyosomwa na kurekodiwa huko mijini. Alishasikiliza saba, na kwa kuwa ualimu haustaafu, kila msomaji alimpa alama.

"Wa kwanza anasoma anakimbia, sijui nani anamfukuza. Wa pili anameza mate kila akifika kwenye nukta, nikamwonea huruma, nikamwambia Glorious mzime huyo apumzike. Yuko binti mmoja ana sauti tamu kweli, lakini hajui anachokisoma. Mtu kafumaniwa humo ndani, yeye anatusomea kama anaita mahudhurio. Kitabu kizuri, Hyasinti, nami sikujua kimeishaje kwa sababu nililala."

Kisha sauti yake ikapungua.

"Nina kitabu cha Aidan."

Aidan alikuwa mumewe, fundi seremala, mtu wa utani, aliyefariki miaka sita nyuma. Mchana alichonga milango, jioni aliandika hadithi kwenye kaunta buku na kuwasomea majirani barazani. Moja aliimaliza kabisa, kaunta buku nne, akaiita *Bafu la Askofu*. Inamhusu bwana mmoja, Henry, anayetumwa na misheni kwenda kupokea bafu kubwa la bati lililoletwa na meli kwa ajili ya askofu mgeni. Mtumbwi unazama, bafu linaelea, na Henry anarudi nyumbani akipiga kasia ndani ya bafu, siku tatu ziwani, huku kila kijiji anachopita wanamwona kuwa ndiye askofu mwenyewe na wanataka awape baraka.

"Nimeanza kuisahau sauti ya Aidan," alisema Mwalimu Getrude. "Naitafuta siipati. Lakini pale alipokuwa anacheka, bado napajua. Nataka mtu anisomee kitabu kile nicheke nilipokuwa nacheka naye. Hapo napo pakinitoka, nitabaki na nini?"

Hyasinti hakuwahi kumsikia mwanamke yule akiomba kitu. Walimu wa zamani walikuwa hawaombi.

"Niachie mimi, Mwalimu," alisema. "Utacheka."

Kaunta buku zilikuja na basi, zimefungwa ndani ya mfuko wa unga. Hyasinti akahamia kwenye stoo yao ya kahawa, kwa kuwa magunia humeza mwangwi. Akafunga mlango, akavaa koti la sherehe ingawa hakuna aliyekuwa anamwona, akaweka simu juu ya debe, akaanza. Alisoma siku nane. Kila sentensi ilitua mahali pake. Kila nukta ilipewa heshima yake. Alipomaliza alijisikiliza dakika tano za mwanzo, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akahamishia kwenye kadi ya kumbukumbu na kuituma Liuli.

Yaliyotokea huko Jumamosi kadi ilipofika, Hyasinti alisimuliwa na Glorious, na ilibidi asimuliwe mara mbili kwa sababu mara ya kwanza alikataa kuamini.

Glorious alichomeka kadi kwenye redio, akaiweka dirishani na kufungulia sauti yote, maana masikio ya bibi nayo si ya juzi. Kitabu cha Aidan kinaanza hivi: *Henry, mtu mzima mwenye mke na watoto watano, alitoka nyumbani kwake alfajiri akiwa mzima wa afya, amevaa suruali ya kuazima.* Zamani Aidan alipofika kwenye suruali, baraza zima lilikuwa linaangua kicheko. Hyasinti naye alifika kwenye suruali, lakini tayari upande wa pili wa uzio jirani yao Lidia alikuwa ametupa kisu na muhogo.

Lidia hakusikia maneno. Hakuyahitaji. Sauti ile ya Mbinga aliifahamu, ilishamletea habari ya kaka yake na ya shemeji yake, na sasa ilikuwa inatoka nyumbani kwa Mwalimu Getrude. Akajifunga kanga kiunoni, akachota unga wa muhogo kwenye beseni, akaenda. Njiani akamwashiria wa pili. Wa pili akamwita wa tatu. Kabla sura ya kwanza haijaisha uani palikuwa na mikeka, kuni mizigo minne, mabenchi ya kanisani na wanaume waliokuwa wameshavuta mitumbwi yao mchangani. Isidori, seremala aliyejifunza kazi kwa Aidan, alifika na futi mfukoni, ili asije akaambiwa jeneza limechelewa.

Sasa kwenye msiba mtu mwenye adabu haulizi mlangoni nani amekufa. Unaingia, unakaa, unalia na wenzako, habari utaipata hapohapo ulipo. Walipomkuta Mwalimu Getrude mzima kwenye kiti chake, walielewa kwamba amefiwa, basi wakamshika mikono na kulia naye. Mwalimu Getrude, asiyeona, aliposikia uwanja mzima unalia, alielewa kwamba majirani wamemletea habari mbaya na wanatafuta namna ya kumwambia. Akalia. Wao wakangoja aseme. Yeye akangoja aambiwe. Glorious alikuwa kisimani. Redio dirishani iliendelea kumsindikiza Henry ziwani, taratibu, kwa majonzi.

Walilia karibu saa nzima. Aliyewaokoa ni Isidori, aliyekuwa amekaa karibu na dirisha.

"Jamani," alisema, "hili si lile bafu la Askofu?"

Watu wakafuta macho na kutazamana. Unga ulikuwepo, kuni zilikuwepo, kuna mtu alikuwa ameleta samaki wawili wakubwa, mbasa, kwa hiyo walipika, wakala, wakaaga. Ila hakuna aliyecheka, hata mmoja, na kitabu kilisikika mpaka sura ya sita.

Jioni simu ikaita Mbinga.

"Hyasinti," alisema Mwalimu Getrude. "Umemzika mume wangu mara ya pili. Na safari hii wamekula zaidi."

Hyasinti hakupata usingizi. Kesho yake aliingia stoo, akajisikiliza kutoka mwanzo kama mtu baki. Alipofika pale Henry anapopiga kasia ndani ya bafu, peke yake katikati ya ziwa, alijikuta anafanya ishara ya msalaba. Hapo akakubali kwamba kuna tatizo.

Mtu wa kawaida angepunguza kidogo. Hyasinti si mtu wa kupunguza. Aliamua kwamba kilichokosekana ni uchangamfu, akaenda kuuleta kwa magunia. Kila mhusika alimpa sauti yake. Askofu alisemea puani. Henry alipewa kigugumizi ambacho Aidan hakukiandika. Mke wa Henry alipewa sauti nyembamba ya kubembeleza, na meli ilipewa honi. Katikati ya sura aliweka kinanda alichokirekodi kwenye mazoezi ya kwaya.

Ile sauti ya mke wa Henry ndiyo iliyomleta Beata. Alikuwa anapita na ndoo, akasikia ndani ya stoo iliyofungwa mwanamke analalamika, "Henry mume wangu, usiniache, rudi unikumbatie." Beata akatua ndoo. Akarudi jikoni, akachukua mwiko wa ugali, ule mkubwa wa shughuli, akausukuma mlango kwa bega.

Alimkuta mumewe peke yake, amevaa koti, amejishika kiuno.

"Yuko wapi?" aliuliza Beata.

"Nani?"

"Huyo anayetaka kukumbatiwa."

"Ni mimi, Mama Vitalis."

Beata akatazama nyuma ya magunia, akamtazama mumewe, akatazama tena nyuma ya magunia. "Afadhali ningemkuta," alisema, akaenda zake.

Hyasinti alituma sura moja kwanza, kwa tahadhari. Jibu lilirudi siku ileile, na lilikuwa fupi.

"Hyasinti, mna watu wangapi humo chumbani? Waambie watoke. Siwasikii akina Henry kwa ajili ya kelele zenu." Halafu, kwa upole uliomuumiza kuliko ukali: "Basi, mwanangu. Nirudishie madaftari. Umejitahidi."

Neno lile alilijua. Ndilo Mwalimu alilokuwa akiwaandikia wale waliofeli.

Aliiweka kaunta buku ya kwanza juu ya meza, tayari kufungwa, akaenda kutangaza msiba wa mzee mmoja wa Ruanda, na siku ile, wanasema waliomsikia, alitangaza kwa uchungu wa kweli. Mwalimu Getrude alikuwa anapoteza kitu ambacho hakikuwa na nakala popote, na yeye, sauti ya wilaya nzima, alikuwa ameshindwa kukishika.

Aliporudi mchana alisikia vicheko kabla hajafika uani. Beata na wenzake walikuwa kwenye vichanja vya kahawa, wanachambua punje mbovu, ila mikono ilikuwa imesimama. Rafiki yake Ottilia alikuwa ameegemea nguzo, anajipiga paja. Beata ameshika kaunta buku kwa mkono mmoja, kidole cha mkono mwingine kinatembea chini ya mstari.

Beata aliishia darasa la saba na tangu hapo husoma barua za shule na maandishi ya kwenye mifuko ya mbolea. Alikuwa anasoma vibaya, Hyasinti aliliona hilo mara moja. Hakujali nukta. Alivuta neno refu kwa vipande, akalipata, akarudi nyuma kulisema tena lote kwa ushindi. Alisimama kumuuliza Ottilia maswali. "Sasa suruali yenyewe kaazima kwa nani? Ngoja, ngoja, anasema... kwa mkwewe! Na mkwewe ni mnene!" Akacheka mwenyewe kabla wenzake hawajajua wanachocheka, akashindwa kuendelea, akajifuta machozi kwa upindo wa kanga, akatafuta mstari, akaupoteza, akaupata.

Hyasinti alifungua mdomo ili amrekebishe. Alikuwa na makosa sita ya kumwonyesha. Badala yake kikamtoka kicheko, kikubwa, kibaya, cha kukoroma, ambacho hakijawahi kupita kwenye kipaza sauti. Suruali ya mkwe! Mstari ule alikuwa ameusoma zaidi ya mara arobaini na hakuwahi kujua kwamba unachekesha. Muda wote alikuwa anaisikiliza sauti yake mwenyewe. Henry alikuwa anapita tu.

Jambo hilo lilimuuma, na hakuna haja ya kulificha. Ukishaambiwa na watu miaka ishirini na miwili kwamba una karama, kisha unamwona mkeo aliyeketi juu ya ndoo iliyopinduliwa anafanya kwa kidole ulichoshindwa wewe na koti, unaumia. Alisimama pale kwenye kona ya nyumba kwa muda. Halafu akatoa simu mfukoni, akabonyeza pa kurekodi, akaenda kuchuchumaa mbele ya mkewe.

"Anza tena, Mama Vitalis. Tangu mwanzo."

"Mimi? Msomaji si wewe, Baba Vitalis?"

"Soma."

"Nikikosea?"

"Rudia, kama ulivyokuwa unarudia. Usinitazame mimi. Msomee Ottilia."

Ilichukua wiki mbili, kila mchana baada ya chakula. Hyasinti alifukuza kuku. Alisimama barabarani kuwasihi vijana wa bodaboda wazime injini wapite wakisukuma, nao kwa kuiheshimu sauti ile walivua kofia na kupita kimya wakidhani kuna mwili ndani. Wakati wote mkono wake ulikuwa umenyooshwa, simu karibu na mdomo wa Beata lakini si karibu mno, maana kama kuna jambo moja analolijua ni umbali wa kipaza sauti. Beata akigeuka, mkono unageuka. Beata akiinama kucheka, mkono unainama. Ganzi ikimshika, anabadilisha mkono bila kutoa mlio. Hakusema neno hata moja, siku zote hizo, na kwa Hyasinti huo ulikuwa mfungo.

Kadi ikaenda Liuli. Siku nne hakuna simu. Ya tano, alasiri, Glorious akapiga, na badala ya salamu zikaingia kelele. Baraza lilikuwa limejaa watu. Sauti ya Beata ilisikika kwa mbali ikihangaika na neno "askofu msaidizi", Isidori alikuwa anaomba warudishe nyuma kidogo, na juu ya yote kulikuwa na mtu anakohoa, anapaliwa, anavuta pumzi kwa shida. Hyasinti alishtuka.

"Glorious! Bibi ana nini?"

"Anacheka, mjomba. Tangu saa saba. Hebu subiri nimpe."

Simu ikapapaswa, ikashikwa.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema Hyasinti.

"Hapo kwa mkwe," alisema Mwalimu Getrude, na ikabidi apumzike. "Hapo kwa mkwe Aidan alikuwa hapiti. Kila mara alikuwa anakwama hapohapo, anashika daftari, anafuta macho, anapoteza mstari. Huyu naye amekwama palepale. Palepale, Hyasinti! Nikamsikia Aidan anatafuta mstari wake." Hyasinti akasikia kwamba sasa analia. "Ni nani huyu mtoto?"

"Ni mke wangu, Mwalimu. Beata."

"Hajui kusoma."

"Hajui, Mwalimu."

"Asifundishwe. Mtu yeyote asimfundishe." Akapenga kamasi. "Na wewe? Humo ndani nimekutafuta sikukusikia. Wewe ulifanya nini?"

Hyasinti alitazama vichanjani. Beata alikuwa amesimama, punje za kahawa mkononi, akimuuliza kwa macho kama amefaulu au amefeli.

"Mimi nilishika simu, Mwalimu."

Kule barazani walikuwa wameangua kicheko kingine, na Mwalimu Getrude alingoja kipite.

"Umeishika vizuri," alisema.